Leaf ya mtumba kwa mtu wa Bunju anayefanya kazi Posta: ninunue au niache?

Bunju_Mpaka_Posta

Wakuu habari za jioni. Naomba mwenye uzoefu wa kumiliki gari la umeme la mtumba hapa bongo anisaidie maana hili jambo nimekaa nalo mwezi mzima na kila ninayemuuliza ananipa lake. Nakaa Bunju, kazi Posta, kwenda na kurudi pamoja na kumpeleka mtoto shule na kupita sokoni nakuwa kwenye kilomita 70 kwa siku, siku tano mpaka sita za wiki. Sasa hivi nna IST, naipenda na haijawahi kuniangusha ila mafuta yananimaliza, foleni ya Tegeta mpaka Mwenge asubuhi na jioni nachoma elfu 17 mpaka 20 kwa siku na mshahara wenyewe hauongezeki.

Kuna yadi moja hapa mjini nimekuta Nissan Leaf mbili. Moja ya 2013 betri ya 24 kWh, vile vistari vidogo vya afya ya betri kwenye dashbodi vimebaki 8. Ya pili ya 2016 betri ya 30 kWh, hii vistari vyote 12 vipo, muuzaji anasema betri ni kama mpya sababu huko Japani mwenye nayo alikuwa mzee hatembei sana. Bei imezidi ile ya kwanza kwa milioni 7. Mke wangu anasema tuchukue ya bei ndogo, hela inayobaki tufunge umeme vizuri nyumbani, mimi moyo uko kwenye ya 2016.

Ninachoogopa ni vitu vitatu. Betri kufa halafu nibaki na bodi tupu, foleni kumaliza chaji nikiwa na AC, na umeme wa nyumbani kama unaweza kuhimili maana nyumba ni ya kupanga ila baba mwenye nyumba ni muelewa. Nitashukuru sana kwa mwenye kulijua hili kwa kuishi nalo, sio kwa kusikia.

Kinyozi_wa_Goba

Mkuu mimi sina hilo gari ila nakushauri kama ndugu, kaa na IST yako. Ikikusumbua unapata spea kila kona na fundi yeyote anaifungua. Hilo la umeme likizingua unampelekea nani? Na siku umeme umekatika usiku kucha asubuhi unaendaje kazini?

Mama_Gezaulole

Mdogo wangu mimi ninalo, Leaf ya 2014, 24 kWh, nimelinunua likiwa na vistari 10 sasa lina 9, huu ni mwaka wa pili na miezi. Nakaa Gezaulole huku Kigamboni, duka langu liko Kariakoo, napita daraja la Nyerere kila siku asubuhi na jioni. Kilomita 50 na kidogo. Kwa hiyo naongea ninachokiishi.

Hesabu kwanza maana ndiyo iliyonifanya ninunue. Gari langu kwa mwendo wa mjini linakwenda kilomita 6 mpaka 7 kwa uniti moja ya umeme, na uniti ndiyo hiyo hiyo kWh. Uniti kwa sisi watumiaji wa kawaida wa LUKU ni kama shilingi 356. Sio kila uniti unayonunua inaingia kwenye betri, nyingine inapotea kwa joto wakati wa kuchaji, weka asilimia 15 ya kupotea. Kwa kilomita zako 70 utatumia uniti 12 na nusu hivi, elfu nne na mia tano. Linganisha na hiyo elfu 17. Mimi tangu ninunue sijabadilisha oili ya injini sababu injini haipo, breki nimezikagua mara mbili ziko vile vile sababu ukiachia pedo gari lenyewe linajizuia na kurudisha umeme kwenye betri. Tairi ndiyo zinaliwa, gari ni zito.

Kuhusu kukatika umeme, kaka wa Goba umeuliza swali la haki kabisa na mimi lilininyima usingizi. Ila ukweli ni kwamba huwa haukatiki kila usiku na gari halihitaji kujazwa kila usiku. Mimi nachaji kila siku nikirudi hata kama limebaki nusu, hivyo umeme ukikatika usiku mmoja asubuhi bado nna chaji ya kwenda na kurudi kwa tahadhari. Kwa miaka hii miwili ni mara mbili tu nimepanda daladala kwa sababu ya umeme.

Foleni isikutishe hata kidogo. Gari la umeme likisimama mota haili kitu, kinachokula ni AC na redio na taa. Kwa joto letu AC inakula kama uniti moja kwa saa, mara nyingi chini ya hapo. Kaa foleni masaa mawili utakuwa umetumia uniti mbili, na mwendo wa pole pole wenyewe gari linaupenda. Linalokula chaji ni spidi. Nikienda Bagamoyo nikikanyaga 100 naiona chaji inavyoshuka, nikikaa 70 nafika na nyingi.

Sasa nikwambie lililonikuta ili lisikukute. Wiki ya kwanza nilichaji kwa ekstensheni ile ya kawaida ya kupigia pasi, nimeitoa sebuleni nimeipitisha dirishani. Saa tano usiku nikasikia harufu kama ya ndoo ya plastiki iliyowekwa karibu na moto. Nikatoka na tochi, plagi imeshakuwa ya kahawia, pini moja imezama kwenye plastiki, nikishika waya ni wa moto kama kikombe cha chai. Watoto wamelala ndani. Nilizima meni swichi mikono inatetemeka. Gari linavuta karibu ampea 13 mfululizo masaa sita saba, pasi na birika vinavuta dakika chache vinakata, ndiyo tofauti. Kesho yake fundi wa umeme alipokuja akakuta jingine, nyumba nzima haina eathi ya maana, fito ilikuwa imepigwa kwenye mchanga mkavu futi mbili tu na waya umeshika kutu kwa chumvi ya bahari. Akachimba upya pale bomba la kuogea linapomwaga maji, akapiga fito ndefu, akavuta waya mnene peke yake kutoka kwenye sakiti breka mpaka soketi ya nje, haushirikiani na kitu kingine. Tangu siku hiyo naweka mkono kwenye plagi kila nikichaji, inakuwa vuguvugu tu.

Kwa hiyo mkeo ana akili. Hela ya umeme wa nyumbani itoe kwanza kabla hujatoa ya gari.

Fundi_Nyaya_Orenji

Nimefuatilia uzi nikaona nichangie maana hizi gari ndiyo nazishika kila siku. Dada wa Gezaulole kasema kweli tupu kwenye umeme wa nyumbani. Naongezea tu kwamba ile waya ya kuchajia inayokuja na gari kutoka Japani imetengenezwa kwa umeme wa volti 200 wa kule na plagi yake ni ya kwao, watu wanakata plagi wanafunga ya pini tatu za mraba wanaona wamemaliza. Wengine zinadumu, wengine inaungua kile kiboksi cha katikati. Nunua waya ya Type 1, ndiyo aina ya tundu la gari za Japani, iliyotengenezwa kwa volti 230 yenye uwezo wa kupunguza ampea, weka ampea 10 kama hujauamini ukuta wako. Na ikikataa kuchaji ikawasha taa nyekundu usiende kuidanganya, mara nyingi inakwambia eathi haipo. Nimeona watu wanaunganisha eathi na nyutro ili ikubali. Msifanye hivyo ndugu zangu, siku nyutro ikikatika bodi lote la gari linakuwa na umeme na mtoto akiligusa kasimama chini peku ndiyo basi.

Sasa kuhusu hizo gari mbili mkuu. Leaf hainunuliwi kwa mwaka wala kwa kilomita wala kwa rangi, inanunuliwa betri, hayo mengine yamekuja nayo. Kwenye dashbodi kuna vistari vikubwa vya ndani, hivyo ni chaji iliyopo leo, na vidogo vya nje, hivyo ni afya ya betri. Vidogo viko 12 na viwili vya chini kabisa ni vyekundu. Cha kwanza kinaondoka betri ikishapoteza kama asilimia 15, baada ya hapo kila kimoja ni asilimia 6 na kitu. Kwa hiyo vistari 8 maana yake betri imebaki na asilimia 60 mpaka 66. Ile ya 24 ikiwa mpya unatumia kama uniti 21, hapo umebaki na 13 au 14, zidisha kwa 6 na nusu unapata kilomita 85 hadi 90 mpaka lizime kabisa. Wewe unatembea 70. Leo utafika, mwakani utakuwa unaendesha huku moyo uko mkononi. Kwa mtu wa Sinza kwenda Posta hiyo gari ingekuwa nzuri tu, kwako hapana.

Ila hiyo ya 2016 yenye vistari 12 inanipa wasiwasi zaidi kuliko hiyo ya 8. Leaf haina mfumo wa maji wa kupoza betri kama magari mengine ya umeme, inapoa kwa hewa tu, na adui yake ni joto. Marekani mwaka 2012 wenye Leaf za kule Phoenix walilalamika vistari vinaondoka mapema, mwaka uliofuata Nissan wakaweka dhamana ya kwamba isishuke chini ya vistari 9 ndani ya miaka mitano au maili 60,000. Betri zilizofuata zikaboreshwa zistahimili joto, lakini gari la karibu miaka kumi kukuta vistari vyote 12 inawezekana kwa nadra sana, linalowezekana zaidi ni kwamba kompyuta ya betri imefutwa kumbukumbu. Ukiifuta inaanza upya inadhani betri ni mpya, inaonyesha 12, unanunua kwa furaha, halafu baada ya wiki kadhaa za kuendesha na kuchaji inajifunza ukweli na vistari vinaanza kuondoka kimoja kimoja. Sisemi muuzaji wako kafanya hivyo, inawezekana na yeye kauziwa hivyo hivyo. Nasema kapime.

Kupima: kuna kifaa kidogo cha OBD cha Bluetooth, cha kusoma kompyuta ya gari, unakichomeka chini ya usukani, kwenye simu unaweka programu inaitwa LeafSpy. Inakuonyesha afya ya betri kwa asilimia, imechajiwa chaji ya haraka mara ngapi na ya kawaida mara ngapi, na volti za seli zote. Leaf ya 24 au 30 inasomeka seli 96, angalia tofauti kati ya seli ya juu na ya chini. Ikiwa milivolti 20 au 30 ukiwa unakanyaga sio mbaya. Ikipita 100 kuna seli zimechoka, na seli moja iliyochoka inaangusha zote sababu zimefuatana kama mnyororo. Ila sasa huyo aliyefuta kumbukumbu kafuta na namba ya afya, LeafSpy nayo itadanganyika kwenye asilimia. Kwa hiyo usiishie hapo, endesha. Endesha kilomita 20 au zaidi, andika chaji ilikuwa asilimia ngapi ukianza na ngapi ukimaliza. Kilomita haziwezi kudanganywa. Kilomita 20 ni uniti 3 hivi, kwenye betri nzima ya 30 hiyo ni asilimia 11. Ikila 20 na kitu ujue unachonunua.

Na haki iwe kwa pande zote, kuna 30 kWh za 2016 na 2017 ambazo zilikuwa kinyume chake, kompyuta inasoma afya chini kuliko ukweli wenyewe, Nissan walitoa marekebisho ya programu 2018. Ndiyo maana nakwambia endesha, namba za kwenye kioo zinakosea kwa juu na kwa chini.

Betri kufa kabisa ni nadra, inachoka pole pole. Ndani ya ile ya 24 kuna moduli 48, yaani vipande vya betri, moja moja zinabadilishwa, na mtu akitaka anafunga betri kubwa ya gari lililopata ajali. Sio rahisi, ya 24 yenyewe ina uzito wa karibu kilo 300, lakini hutabaki na bodi tupu kama unavyosema. Naomba tu yeyote mwenye hizi gari msikie hili: nyaya za orenji zina volti karibu 400 za DC. Usimruhusu fundi wa kuchomelea au wa bodi aguse chini ya gari kabla swichi ya usalama iliyo chini ya kapeti la nyuma haijachomolewa na mtu anayejua. Umeme ule haukurushi, unakushika.

Msee_wa_Syokimau

Salamu kutoka Kenya. Huku Nairobi tumezizoea kidogo, kulikuwa na teksi za NopeaRide zilianza 2018 zikitumia Leaf hizi hizi na vituo vyao vya kuchaji, walifunga 2022 lakini watu wengi ndipo walipanda gari ya stima mara ya kwanza, mimi mmoja wao. Sasa niko na ya 24 kWh, hali ya hewa ya huku ni ya baridi kidogo kwa hiyo betri inakaa poa kuliko Dar au Mombasa. Ushuru wa bidhaa kwa gari za stima hapa ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka wa 2019, na EPRA, wasimamizi wa nishati huku, waliweka bei maalum ya stima ya magari 2023, shilingi 16 kwa uniti na 8 usiku kabla ya kodi, shida ni unahitaji mita yake pekee na mimi naishi kwa fleti. Gari nayo ikipita miaka 8 hairuhusiwi kuingia nchini, kwa hivyo zile za bei ya chini kabisa zinaisha sokoni.

Ushauri wangu kwa kaka wa Bunju ni asiamini zile kilomita gari inasema zimebaki. Inakadiria kwa vile umeendesha nusu saa iliyopita. Nilienda Mai Mahiu siku moja kuona mjomba, gari inasoma kilomita 104, nikaona ni 50 kwenda, nitarudi. Kuteremka ile scarp, ukingo wa Bonde la Ufa, nilifurahi, chaji ilikuwa inapanda badala ya kushuka. Kurudi sasa! Ile mteremko imekuwa mlima, inakula kama uniti tatu zaidi ya barabara tambarare. Kwanza taa ya onyo, halafu zile kilomita zikapotea zikawa vistari vitatu tu, hakuna namba. Karibu kufika Rironi ikatokea alama ya kobe kwa dashbodi na gari ikalegea, nakanyaga inaenda kama mkokoteni, malori yananipigia honi. Nilifika petroli stesheni nikaomba soketi, mlinzi akanionea huruma akanipa ya pale wanachemshia chai. Nilikaa masaa manne. Nilimwachia pesa ya stima na ya chakula cha jioni, na hadi leo nikipita hapo nasimama kumsalimia.

Kwa hivyo ukipima gari pima na mlima, na ujue barabara zako. Kilomita 70 za tambarare si sawa na 70 za kupanda.

Mbeba_Box_Leicester

Wadau nipo Uingereza, nina Leaf ya 2018 ile ya 40 kWh, naendea nayo kazini shifti za usiku. Watu wengi nyumbani wananipigia wanataka niwatumie za huku kwa sababu usukani ni kulia kama kwetu. Ziko nzuri, baridi ya huku inatunza betri, ila mjue mambo mawili. Leaf za Ulaya kuanzia hiyo ya 2018 tundu lake ni Type 2, za Japani ni Type 1, msije mkanunua waya mkaona haiingii. Halafu chumvi wanayomwaga barabarani huku wakati wa barafu inakula chini ya gari, liingizwe kwenye jeki uone kabla ya kulipa.

Kwa Bunju, jambo moja la kutunza: usiliache gari limejaa asilimia 100 limekaa juani siku nzima. Joto na chaji iliyojaa kwa pamoja ndiyo vinachosha betri haraka. Weka taima lichaji usiku wa manane lifike 80 au 90 asubuhi unapotoka, na pale Posta tafuta kivuli hata kama ni cha kulipia. Na ile betri ndogo ya 12V msiisahau, ikifa gari haliwaki hata kama kubwa imejaa, watu wanaita breakdown kumbe ni betri ya kawaida tu ya kununua dukani.

Mama_Gezaulole

Hilo la betri ndogo limenikuta Kariakoo pale pale mbele ya duka, nikaazima waya kwa jirani likawaka dakika moja. Asante kwa kukumbusha.

Bunju_Mpaka_Posta

Wakuu nimerudi. Kwanza asanteni, sikutegemea watu wangekaa chini kuandika yote haya kwa mtu wasiyemjua.

Juzi Jumamosi Fundi_Nyaya alinikubalia kwenda na mimi yadi, tulikutana kwa PM, Mungu ambariki. Tulimuomba muuzaji tuendeshe ile ya 2016, akakubali bila neno. Tumechomeka kile kifaa, LeafSpy ikasoma afya asilimia 98, nikamwangalia fundi nikidhani tumeshapata gari. Akaniambia subiri. Tukatoka, chaji asilimia 81, AC imewashwa, tukaenda mpaka Africana tukazunguka na kurudi, mimi naendesha yeye ameshika simu. Njiani nikikanyaga kwa nguvu anageuza simu nione, seli ziko kama meno, nyingi zimelingana ila kuna tatu zinazama kila nikikanyaga, tofauti inafika milivolti 140. Tumerudi kilomita 22, chaji asilimia 57. Imekula 24.

Fundi akapiga hesabu kwenye kikaratasi juu ya boneti. Kilomita 22 ni uniti tatu na nusu hivi. Kama hizo ni asilimia 24, basi betri nzima imebaki uniti 14, nusu ya inavyotakiwa. Kwa maneno mengine ile ya vistari 12 ni sawa na ile ya vistari 8, na nilikuwa naongeza milioni 7 juu. Muuzaji tulimwonyesha, alikaa kimya muda mrefu akasema yeye kaletewa ikiwa hivyo. Sikugombana naye.

Tukaendesha na ile ya 2013 ili nilinganishe. Ilisoma 63, seli zote zimelingana vizuri, ikala ilivyotakiwa kula. Gari lisilodanganya kabisa, ila kwa kilomita zangu halitoshi, hilo nimelikubali hata kama roho inauma maana ndani ni safi na lilikuwa kimya mpaka nikawa nasikia saa ya fundi ikigonga mkononi.

Kwa hiyo sijanunua. IST inaendelea. Nimeamua kutafuta ya 30 yenye vistari 10 vya kweli au nikijaliwa ya 40, na yeyote atakayeniuzia nitaomba picha ya dashbodi ikiwa imewashwa na niendeshe kilomita zangu 20 kwanza.

Fundi_Nyaya_Orenji

Ulifanya vizuri kutogombana. Ile ya 2013 kama kuna mtu humu anakaa karibu na kazini, kilomita 40 kwa siku zisizidi, aende akaione, seli zake ni nzuri kwa umri ule. Bunju ukipata nyingine nishtue, kifaa kiko kwenye begi siku zote.

Kinyozi_wa_Goba

Mimi ndiye niliyesema kaa na IST. Kutoka kwangu Goba mpaka saluni Mwenge na kurudi haifiki hata 40. Fundi hiyo ya 2013 bado ipo?

Fundi_Nyaya_Orenji

Mpaka jana ilikuwepo. Njoo PM.

Bunju_Mpaka_Posta

Baba mwenye nyumba nimeongea naye jana baada ya isha, amekubali nivute waya mpya na kupiga eathi ila anataka aone fundi mwenyewe kwanza. Dada Gezaulole, yule fundi wako wa umeme aliyechimba pale kwenye bomba la kuogea, bado anafanya kazi na anaweza kuvuka kuja Bunju?

Mama_Gezaulole

Yupo mdogo wangu. Anakuja popote ukimlipia nauli, ila mwambie mapema aje na fito ndefu, huko kwenu udongo ni mwingine. Namba nimekutumia.